Malaria ikipungua, mfadhili huaga

Wazee wa Unguja na Pemba wanawakumbuka wapuliza dawa waliopita nyumba kwa nyumba na mabomba ya DDT. Mpango huo, ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuishusha malaria vibaya sana. Mwaka 1968 ukasimamishwa. Homa ikarudi kwa kishindo, ikawakuta watoto waliozaliwa wakati wa nafuu wakiwa hawana kinga mwilini. Miaka ya 1980 fedha za Marekani zikaleta mradi mwingine. Nao ukaisha, na mbu walikuwa wamekwishaizoea DDT.

Safari ya tatu mambo yalikwenda vizuri zaidi. Dawa ya mseto ilianza kutumika Zanzibar mwaka 2003. Juni 2005 Rais George W. Bush akatangaza mpango wake wa malaria, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo pamoja na Uganda na Angola. Mfuko wa Dunia nao ulitia mkono. Vyandarua vikagawiwa, kuta zikapuliziwa, na baada ya miaka michache maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1.

Januari 20, 2025, Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai mosi, USAID, iliyokuwa ikiusimamia mpango ule wa Bush, ilikuwa imefungwa. Si kila senti iliyokatika, lakini nani atapanga bajeti ya kiangazi na masika kwa kusubiri amri ya Washington?

Chandarua kinaonekana, na mwanasiasa hupiga nacho picha. Kinachoniogopesha ni kazi isiyo na picha: mgonjwa mmoja akigundulika kituoni, afisa humfuata hadi kwake na kuwapima wote waliomo nyumbani. Malaria ikiwa chache, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mwishoni mwa 2023, fedha zikiwa bado zinakuja, wagonjwa waliongezeka ghafla visiwani. Bila ufuatiliaji, ongezeko la namna hiyo litajulikana wodi zikishajaa.

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bajeti ijayo ikisomwa, Wawakilishi wetu waulize swali moja: mishahara na mafuta ya pikipiki za maafisa hao vimo katika fungu gani la serikali?