Maziwa ya mama yangali bora licha ya uchafuzi wa mazingira

AKINA mama wengi wanaoishi karibu na viwanda, majaa ya taka na mashamba yanayonyunyiziwa dawa hujiuliza swali zito: je, sumu iliyo hewani na ardhini haiwezi kumfikia mtoto kupitia kwa titi?

Hofu hiyo si ya bure. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa madini ya risasi hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na sumu hiyo mwilini. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilirejesha uamuzi wa mwaka wa 2020 wa kuwafidia wakazi Sh1.3 bilioni.

Risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi. Mama anapokuwa mjamzito au ananyonyesha, mwili huchota kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Sumu nyingine, kama vile DDT na dioksini, hukaa katika mafuta ya mwili. Ndiyo sababu mama anayenyonyesha hashauriwi kujikondesha kwa haraka.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lingali linapendekeza mtoto anyonye bila kupewa chochote kingine kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Maziwa ya mama humkinga mtoto dhidi ya kuhara na homa ya mapafu. Isitoshe, maziwa ya kopo si kimbilio: huhitaji maji, na kuchemsha maji hakuondoi risasi.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani, mama anaweza kunyonyesha iwapo risasi katika damu yake haijafika mikrogramu 40 kwa desilita, ingawa mtoto huenda akahitaji kupimwa. Ikizidi hapo, maziwa hukamuliwa na kumwagwa hadi kiwango kishuke. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya vipimo, si wa jirani.

Nyumbani, mama ajiepushe na kula udongo na mawe laini yanayouzwa sokoni, pamoja na krimu za kujichubua zenye zebaki. Ale vyakula vyenye kalsiamu na madini ya chuma, kama vile maziwa, omena, maharagwe na mboga za kijani. Anayefanya kazi jua kali ya betri au rangi aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Lakini mzigo huu si wa mama pekee. Mkataba wa Stockholm wa mwaka wa 2001 ulipobana matumizi ya kemikali sugu, viwango vyake katika maziwa ya akina mama vilipungua katika mataifa mengi. Petroli yenye risasi nayo iliondolewa nchini mwaka wa 2006. Serikali ikikaza sheria, mtoto hunyonya salama.