Pampu imegoma kuwaka na mtoto anatakiwa kuripoti shule

Kando ya ziwa, kuanzia Makoko mjini Musoma hadi Guta na Kibara upande wa Bunda, mwezi Juni huja na mambo mawili yanayogombania mfuko mmoja. Masika yamekatika, na nyanya, vitunguu na mchicha sasa vinategemea maji ya pampu. Wakati huohuo vijana waliochaguliwa kidato cha tano wanajiandaa kuripoti Julai. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini godoro, sare, ndoo na nauli bado ni vya mzazi, na kwa nyumba inayoishi kwa bustani fedha hizo zinatoka kwenye nyanya zilezile. Ndipo baba anaitoa pampu stoo, anavuta kamba mara ishirini, na injini inakaa kimya.

Fundi wa kwanza akiitwa, mara nyingi hukumu hutoka haraka: hii imekufa, mama, tafuteni nyingine. Jioni hiyohiyo mama anaulizwa kama kikoba chake kinaweza kumkopesha. Kabla fedha ya kikoba haijaguswa, kuna maswali ya nusu saa ambayo nyumba inapaswa kuyamaliza. Injini nyingi zinazotangazwa kufa mwezi Juni zililala tu vibaya tangu Machi.

Injini za pampu zilizozoeleka ni zile ndogo za petroli za nguvu ya farasi 5.5. Ni Honda GX160 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 163, au nakala zake za Kichina zinazofanana nayo karibu kila kitu. Injini hii inahitaji petroli safi, hewa, moto wa plagi kwa wakati wake, na silinda isiyovujisha mgandamizo. Vitatu vya kwanza hugharimu kidogo kurekebisha. Cha nne ndicho kinachoweza kuhalalisha injini mpya.

Petroli iliyoachwa ndani ya tangi miezi mitatu huchakaa. Sehemu yake nyepesi inapotea hewani na inayobaki huacha utando kama gundi kwenye kabureta, hasa kwenye jeti, kile kitundu chembamba kuliko sindano. Dawa yake ni kumwaga petroli yote ya zamani, kufungua kikombe cha chini cha kabureta, kusafisha jeti na kupuliza kwa upepo. Kitundu kisichokonywe kwa waya mgumu, maana kikitanuka injini itakunywa petroli kupita kiasi. Kisha plagi inafunguliwa, inapigwa brashi na kuachwa pengo la milimita 0.7 hadi 0.8. Chujio la hewa la sponji lililojaa vumbi na mafuta linafuliwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri.

Jambo linalosahaulika zaidi ni oili. Injini nyingi za aina hii zina swichi ndani ya kasha la oili. Oili ikishuka chini ya kiwango, swichi inakata moto wa plagi, na hapo injini haiwaki hata ivutwe kutwa. Kuna kituko kimoja hapo: pampu iliyowekwa kwenye mteremko wa ukingo wa ziwa inaweza kuidanganya swichi hiyo, kwa sababu oili imekimbilia upande mmoja. Ikisogezwa mahali tambarare na kuongezwa oili kidogo, inanguruma kama kawaida. Kasha lote linachukua kama lita 0.6 tu. Ni aibu kukopa fedha za injini kwa sababu ya oili isiyofika chupa moja.

Zipo lakini injini zilizokwisha kweli. Kamba ikivutwa polepole inapaswa kugoma kidogo mahali fulani, kama mtu anayeshindana na mkono. Ndio mgandamizo huo. Ikiteleza tu bila kugoma, valvu hazifungi sawasawa au ringi za pistoni zimeisha. Moshi wa bluu usiokoma unaonyesha oili inapita na kuungua. Mlio wa chuma kugonga chuma, au tundu ubavuni mwa injini, maana yake ni konrodi, na hapo mara nyingi mjadala umekwisha. Fundi makini atapima nafasi za valvu kwanza, milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa moshi, kabla hajatamka neno kushusha injini. Valvu iliyobana sana humwibia mtu mgandamizo, na kuirekebisha kunahitaji spana na vipimo vyembamba vya bati, si spea.

Ikibidi kuchagua, hesabu ifanywe kwa bei ya kazi nzima. Fundi atataja ringi, halafu katikati ya kazi inakuja gasketi, sili, valvu, na silinda yenye mikwaruzo ambayo ringi mpya haziwezi kuiponya. Bei yote iandikwe kabla injini haijafunguliwa, na nafasi iachwe ya kitakachoonekana ndani. Ikivuka nusu ya bei ya injini mpya, na injini yenyewe ni nakala ya bei rahisi, kununua nyingine kuna akili zaidi. Ikiwa ni Honda halisi yenye mwili mzima, kuishusha mara moja kunaweza kuwa na faida kuliko kununua nakala mpya. Tahadhari iwe kwenye jina tu, kwani stika ya Honda inabandikwa popote.

Inayonunuliwa lazima iendane na pampu. Upana wa shafti, urefu wake, kama ina nyuzi au kishimo cha kii, na nafasi za boliti za mbele vyote vipimwe; kuna shafti za milimita 20 na za inchi robo tatu, na tofauti hiyo ya chini ya milimita moja inatosha kuharibu siku nzima. Injini ya zamani ibebwe hadi dukani. Taasisi zenye viwanja vikubwa, za Musoma na Butiama, zikiwa na ile mashine ya kukatia nyasi ya kukalia, zijue kwamba injini yake kwa kawaida huwa na shafti inayoangalia chini kuelekea visu. Injini ya pampu, ambayo shafti yake imelala, haiwezi kuhamishiwa pale hata kama nguvu zinatosha.

Uamuzi wenyewe si wa baba na fundi peke yao. Mkopo wa kikoba hulipwa na mama kila wiki, wakati nyanya zitakomaa baada ya miezi. Wote wawili wakae na daftari: mkopo ni kiasi gani, marejesho yanaanza lini, na fedha ya godoro inabaki wapi. Risiti idaiwe. Na injini mpya isipewe kazi ya kutwa siku ya kwanza. Oili yake ya mwanzo imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila baada ya saa 100, kwa sababu chembe za chuma cha mwanzoni ndizo zinazoanza kula silinda.

Wakati matengenezo yanaendelea, petroli huzagaa nyumbani, na chupa ya soda ndiyo chombo kinachopatikana haraka. Kwa mtoto wa miaka miwili chupa ya soda ni soda. Aliyemeza petroli asitapishwe, si kwa maziwa wala kwa kidole, kwa kuwa ikirudi inaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja. Injini pia isijaribiwe ndani ya chumba wala stoo hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo inaua walio chumba cha pili kabla hawajajua wanaumwa.

Injini ya zamani isiuzwe chuma chakavu wiki hiyohiyo. Tangi, kamba ya kuwashia, kabureta na koili yake vinaweza kuingia kwenye nakala mpya, na fundi anayejitolea kuichukua bure anajua hivyo.