Nati za tairi: Kuingia si sawa na kufaa

Kabla ya safari, wazazi wengi hukagua mafuta, maji na upepo wa tairi. Watoto hufungwa mikanda, mizigo hupangwa, gari linaondoka. Wachache huinama kuangalia nati nne au tano zinazoshikilia kila gurudumu. Zikilegea, gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo, na hapo walio hatarini si waliomo ndani tu, bali hata mtoto anayetembea kando ya barabara.

Mara nyingi tatizo huanzia mahali pa kawaida, kwenye kuziba pancha. Nati moja imepotea, fundi anachagua nyingine kwenye kopo la nati zilizochanganyika, inaingia, inakazwa, safari inaendelea. Lakini nati kuingia si sawa na nati kufaa.

Linganisha meno na umbo

Jambo la kwanza ni meno. Toyota nyingi za familia, kama IST, Vitz na Noah, hutumia bolti yenye unene wa milimita 12, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Nissan na Subaru nyingi ndogo zina unene huohuo, ila meno yamepishana kwa milimita 1.25. Kwa macho zinafanana. Nati ya gari moja ikilazimishwa kwa spana kwenye bolti ya jingine, meno huliwa, na baada ya hapo hata nati sahihi haishiki vizuri.

La pili ni umbo la sehemu ya nati inayogusa rimu. Kuna zilizochongoka kama koni, kuna za mviringo kama mpira, ambazo Honda nyingi hutumia, na kuna zenye washa bapa, zinazopatikana kwenye rimu nyingi za aloi za Toyota zinazotoka kiwandani. Nati ya koni kwenye tundu lililotengenezwa kwa washa bapa hugusa sehemu ndogo tu. Leo itaonekana imekaza, kesho italegea. Kwa hiyo, mzazi anayebadilisha rimu za chuma na kuweka za aloi aulize pia kama nati zinapaswa kubadilishwa.

Magari mengi ya Ulaya, kama Volkswagen na BMW, hayana nati. Hutumia bolti zinazokazwa kutoka nje. Hapo urefu nao ni muhimu, kwa kuwa bolti fupi hushika meno machache na ndefu mno inaweza kugusa vifaa vya ndani.

Namna ya kufunga

Futa kwanza kutu na mchanga. Usipake grisi wala oili, isipokuwa kitabu cha gari kimeelekeza hivyo. Mafuta hupunguza msuguano, na nguvu ileile ya mkono huivuta bolti kupita kiasi.

Anza kuzungusha kila nati kwa vidole. Nati ya Toyota ya milimita 12 ikizunguka mara 8, imeingia kwa urefu unaolingana na unene wa bolti. Ikikwama kwenye mzunguko wa pili au wa tatu, itoe, usiilazimishe. Kaza kidogo gari likiwa juu ya jeki kwa kuruka kutoka nati moja hadi iliyo mkabala, usifuate duara. Kisha shusha gari na umalizie kukaza.

Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi ndogo ni nyutoni mita 103, na gereji yenye spana ya kipimo inaweza kukifikia bila kubahatisha. Kupanda juu ya spana au kuachia mashine ya upepo ikaze hadi mwisho hakuongezi usalama. Bolti hunyooka na kudhoofika, na diski ya breki inaweza kupinda.

Baada ya gurudumu kufunguliwa na kufungwa, nati zikaguliwe tena ndani ya kilomita 80 hadi 160. Aliyetoka Dar es Salaam anaweza kufanya hivyo akifika Chalinze.

Dalili za hatari

Usukani unaotetemeka ghafla, mlio wa kugonga kwenye gurudumu, au michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ni sababu ya kusimama. Egesha mahali salama, watoto washuke upande usio wa barabara, kisha kagua.

Vivyo hivyo kwa gari la shule. Mtoto anapopanda asubuhi, tupia jicho magurudumu na uhesabu nati. Tundu moja likiwa wazi, mwambie dereva hapohapo, kabla mlango haujafungwa.