Herufi Kwanza, Kampuni Baadaye: Bima ya Kujazia Medicare kwa Anayestaafu Marekani

Miezi michache kabla ya mtu kutimiza miaka 65 Marekani, sanduku lake la barua huanza kufurika. Kampuni za bima zinamtumia bahasha za kila rangi, televisheni inamwahidi meno na miwani bila malipo, na wakala aliyefahamishwa na jirani anaomba nafasi ya kuja nyumbani na makaratasi yake. Wengi wa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Minneapolis, Columbus, Houston au viunga vya Washington katika miaka ya 1980 na 1990 sasa wanafika umri huo. Swali wanaloulizana ni lile lile: kampuni ipi ni nzuri?

Swali hilo lina maana, ila lina foleni. Mbele yake yapo mawili: bima inanunuliwa lini, na ni ya herufi gani. Anayeyajibu hayo vizuri huona kwamba la kampuni limebaki kuwa hesabu ya bei.

Tuanze na pengo lenyewe. Rais Lyndon B. Johnson alitia saini sheria ya Medicare Julai 30, 1965, mjini Independence, Missouri, na kadi ya kwanza akapewa Rais mstaafu Harry Truman. Tangu mwanzo bima hii ya serikali haikukusudiwa kulipa kila kitu. Sehemu A hulipia kulazwa hospitalini. Mwaka 2025 mgonjwa aliyelazwa alitoa mfukoni dola 1,676 kabla Medicare haijaanza kulipa, na aliyekaa wodini zaidi ya siku 60 aliongeza dola 419 kila siku, kuanzia ya 61 hadi ya 90. Kiasi hicho cha kuanzia hakihesabiwi kwa mwaka. Mtu akitoka hospitalini, zikapita siku 60 mfululizo bila kulazwa, kisha akarudi, hulipa upya.

Sehemu B ndiyo inayohusu madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Ada yake ya kawaida kwa mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Mgonjwa hutoa kwanza kiasi cha mwanzo wa mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257, halafu Medicare hulipa asilimia 80 ya gharama inayoitambua na kumwachia asilimia 20. Hatari imejificha hapo, kwa sababu asilimia 20 hiyo haina kikomo. Chukulia mgonjwa wa saratani ambaye dawa zake za kutundikiwa kliniki zimegharimu dola 60,000 kwa mwaka. Fungu lake pekee linakaribia dola 12,000, na mwakani hesabu inaanza tena.

Bima ya kujazia pengo hilo, ambayo Wamarekani huiita Medigap, huuzwa na kampuni binafsi. Zamani soko lake lilikuwa vurugu. Wazee waliuziwa bima mbili au tatu zilizolipia kitu kimoja, na kila kampuni ilikuwa na maneno yake, hivyo hapakuwa na namna ya kulinganisha. Mwaka 1990 Bunge la Marekani liliingilia kati, na kuanzia 1992 bima hizi zikapangwa kwa herufi. Ni kosa pia kumuuzia mtu Medigap ya pili wakati anayo ya kwanza.

Leo herufi ni kumi: A, B, C, D, F, G, K, L, M na N. Mpango G wa kampuni moja lazima ulipe kile kile kinacholipwa na Mpango G wa kampuni nyingine. Ni kama kilo ya sukari: duka linabadilika, bei inabadilika, kilo ni ile ile. Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina utaratibu wao, kwa hiyo Mtanzania wa Minneapolis hatazikuta herufi hizi zote. Atakuta mpango wa msingi na nyongeza za kuchagua.

Herufi hizi huwachanganya watu kwa sababu Medicare yenyewe nayo ina Sehemu A, B, C na D. Sehemu ni za Medicare. Mipango ni ya bima ya kujazia. Mpango D, kwa mfano, hauna uhusiano wowote na Sehemu D, ambayo ni bima ya dawa.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza: lini? Sheria ya shirikisho inampa mtu miezi sita tu ya upendeleo. Saa inaanza siku ya kwanza ya mwezi ambao ametimiza miaka 65 na Sehemu B yake imeanza kufanya kazi. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au moyo. Inaweza tu kuchelewesha kulipia ugonjwa aliokuwa nao, kwa muda usiozidi miezi sita, na muda huo hupungua au hufutika kama alikuwa na bima nyingine kabla. Mtu ambaye Sehemu B yake imeanza Mei 1 ana mpaka Oktoba 31.

Baada ya hapo, katika majimbo mengi, kampuni ina haki ya kuuliza historia yake yote ya afya na kumfungia mlango. New York na Connecticut ni tofauti: huko mtu hununua wakati wowote wa mwaka. California huwapa wenye Medigap nafasi ya kubadili kampuni kila mwaka karibu na siku yao ya kuzaliwa. Mahali pengine pengi, muda ukipita umepita.

Saa hiyo ina mtego unaowanasa wachapakazi. Chukulia muuguzi msaidizi wa Columbus ambaye ana miaka 65, bado yuko kazini, na bima ya mwajiri wake ni nzuri. Mwajiri akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, muuguzi huyo anaruhusiwa kuiahirisha Sehemu B bila adhabu mpaka aache kazi, kisha ana miezi minane ya kujiandikisha. Akiichukua mapema kwa kudhani ni lazima, miezi sita ya Medigap inaanza kuhesabika kimyakimya. Atakapostaafu akiwa na miaka 68 atakuta imekwisha zamani, isipokuwa kupoteza bima ya kazini kumpe haki ya muda mfupi ya kununua baadhi ya mipango. Kosa la upande wa pili ni kuacha kazi na kutegemea COBRA, ule utaratibu wa kuendelea na bima ya mwajiri kwa gharama yako mwenyewe. COBRA haihesabiki kama bima ya mtu aliye kazini. Anayechelewa huongezewa asilimia 10 ya ada ya Sehemu B kwa kila miezi 12 iliyopita, na nyongeza hiyo kwa kawaida humfuata maisha yake yote.

Swali la pili ni herufi. Mpango F uliokuwa ukilipa kila kitu umefungwa, pamoja na C, kwa watu waliostahili Medicare kuanzia Januari 1, 2020. Kwa wapya, mvutano mara nyingi ni kati ya G na N. Mpango G huacha jambo moja tu katika huduma ambazo Medicare inazilipia: kile kiasi cha mwanzo wa mwaka cha Sehemu B. Mpango N nao hukiacha, kisha humtoza mgonjwa hadi dola 20 kwa baadhi ya ziara za daktari, na hadi dola 50 akienda chumba cha dharura bila kulazwa. Kwa malipo hayo madogo, ada yake ya mwezi huwa chini.

Hesabu yake si ngumu. Ikiwa N ni nafuu kwa dola 30 kwa mwezi, mtu ameokoa dola 360 kwa mwaka, ambazo ni ziara 18 za dola 20. Anayemwona daktari mara sita ametoka na faida, na mwenye maradhi yanayompeleka kliniki kila baada ya wiki mbili heri G. Kuna jambo moja la kuangalia: N hailipi ile nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo daktari asiyekubali bei ya Medicare anaweza kuidai. Ohio, Pennsylvania na majimbo mengine machache yamepiga marufuku nyongeza hiyo, kwa hiyo muuguzi wetu wa Columbus hana haja ya kuihofia akitibiwa jimboni mwake.

Hapo ndipo zamu ya kampuni inapofika. Kwa herufi ile ile, mji ule ule na umri ule ule, bei zinaweza kupishana hata mara mbili. Bei ya mwaka wa kwanza peke yake haimwambii mteja mengi. La kuuliza ni namna bei inavyopangwa. Zipo kampuni zinazotoza watu wote wa eneo bei moja bila kujali umri. Nyingine hushika umri aliokuwa nao mteja siku aliponunua. Za tatu, ambazo ni nyingi, huongeza ada kadiri anavyozeeka. Hizi za mwisho ndizo huonekana rahisi zaidi kwa mtu wa miaka 65, na ndizo zinazoweza kumbana akiwa na 80, wakati pensheni haijaongezeka sana na kampuni nyingine haimtaki tena. Zote tatu pia hupandisha bei kwa sababu ya gharama za matibabu.

Kwa hiyo wakala aulizwe kwa maandishi: bei imepangwa kwa njia gani? Mpango huu umepanda kwa asilimia ngapi katika kila mwaka wa mitano iliyopita? Punguzo la asiyevuta sigara, au la mke na mume waliojiunga pamoja, linadumu au linakwisha? Mume na mke hawachangii Medigap moja; kila mmoja hununua yake. Jambo la faraja ni kwamba kampuni haiwezi kumfukuza mteja kwa kuwa ameugua, maadamu analipa ada na hakudanganya kwenye fomu. Dawa za kununua duka la dawa hazimo kabisa. Zinahitaji Sehemu D, ambayo tangu 2025 humwekea mgonjwa kikomo cha mwaka, kilichoanza na dola 2,000, kwa dawa zilizo kwenye orodha ya bima yake.

Yale matangazo ya meno na miwani kwa kawaida hayauzi Medigap. Yanauza Medicare Advantage, yaani Sehemu C, ambamo kampuni binafsi huchukua nafasi ya Medicare yenyewe. Zaidi ya nusu ya wanaostahili sasa wako huko. Ada yake mara nyingi ni ndogo au haipo, na ina kikomo cha matumizi, ambacho mwaka 2025 hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,350 kwa huduma za ndani ya mtandao wa kampuni. Gharama yake ni uhuru: mgonjwa hufuata madaktari wa mtandao huo, na huduma kadhaa zinahitaji kibali cha kampuni kabla. Huwezi kuwa na Medigap na Advantage kwa pamoja. Aliyejiunga na Advantage mara tu alipostahili akiwa na miaka 65 ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi akiwa na haki ya kununua Medigap. Baadaye, kurudi Medicare ya kawaida ni rahisi. Kuipata Medigap ndiko kunakoweza kushindikana.

Kwa mtu mwenye ndugu Mombasa, Arusha au Bukavu, kuna kifungu kinachostahili kusomwa mara mbili. Medicare kwa kawaida hailipi chochote nje ya Marekani. Mipango C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ugenini, baada ya mgonjwa kutoa dola 250, lakini kwa dharura iliyoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari tu, na jumla isizidi dola 50,000 maisha yote. Mipango A, B, K na L haina fao hili. Mstaafu anayekwenda kukaa miezi minne nyumbani anahitaji bima ya safari kwa siku zinazobaki. Anayehamia moja kwa moja na kuacha kulipa Sehemu B ajue kwamba akirudi ataikuta adhabu ikimsubiri, na ile miezi sita ya upendeleo haitolewi mara ya pili.

Wazazi waliofuata watoto wao ukubwani wana hesabu nyingine. Sehemu A ni bure kwa aliyefanya kazi yenye makato ya Medicare kwa takriban miaka 10, au ambaye mwenzi wake alifanya. Asiye na rekodi hiyo anahitaji uraia, au ukaazi wa kudumu pamoja na miaka mitano mfululizo nchini, na ada ya Sehemu A mwaka 2025 iliweza kufika dola 518 kwa mwezi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imewaondoa pia wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu; waliokuwamo tayari wamepewa miezi 18. Kwa familia za Wakongomani walioingia kama wakimbizi, jalada la kadi ya kijani linatangulia mazungumzo yoyote na wakala, kwa sababu Medigap haiuzwi kwa asiye na Sehemu A na B.

Msaada usio na biashara upo. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, mpango unaofadhiliwa na serikali ya shirikisho, ambao hawalipwi kamisheni na hukaa na mtu bure kulinganisha bei za eneo lake. Simu ya Medicare nayo hutoa mkalimani bila malipo. Mstaafu aende na kadi yake, orodha ya dawa zake, majina ya madaktari wake, na tarehe iliyoandikwa ya Sehemu B kuanza. Akishanunua, ana siku 30 za kuisoma bima yake na kuirudisha akarejeshewa pesa zote. Kama anahama kutoka Medigap moja kwenda nyingine, barua ya kuifuta ya zamani huandikwa baada ya mpya kukubaliwa kwa maandishi na siku hizo 30 kumridhisha, hata kama ni lazima alipe ada mbili kwa mwezi mmoja.