Wataalamu wa Jamii Waitwe Mapema

Serikali inapotaka ushauri juu ya sayansi, aghalabu majina yanayotajwa kwanza ni ya wahandisi, madaktari na wanakemia. Sisi wa taaluma za jamii na lugha hukumbukwa kazi ikiwa imekwisha, tutafsiri vijitabu. Niliwahi kuletewa na ofisi moja ya umma kijitabu cha kilimo nikitie katika Kikamba kwa siku tatu. Nilipouliza kama kuna mkulima aliyesikilizwa kabla hakijaandikwa, niliambiwa hilo halinihusu.

Anayeona utaratibu huu kuwa sawa na aje avitazame vilima vya Machakos.

Katika miaka ya 1930 Colin Maher, mtaalamu wa hifadhi ya udongo katika serikali ya kikoloni, aliiona ardhi hii kuwa inaelekea kuwa jangwa. Hakusema uongo, makorongo yalikuwapo. Lakini tiba iliyofuata ilikuwa amri. Mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kule Athi River kikawa mnunuzi mkubwa. Malisho yalikuwa yamepigiwa hesabu. Kilichosahauliwa ni kwamba ng'ombe huyo ni mahari, ni akiba, na ni kinga ya mwaka wa njaa. Muindi Mbingu akauongoza umati hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Yeye alihamishiwa Lamu. Hata hivyo serikali ililazimika kuacha kuuza mifugo kwa nguvu.

Ikaja kazi ya matuta, nayo kwanza ilikuwa ya kushurutishwa, ikachukiwa vilevile. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950 kazi hiyo ilipofanywa kwa njia ya mwethya. Neno hili halilingani na "kazi ya umma" ya makaratasi ya maofisa. Mwethya ni majirani kualikana, kwa zamu, chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mijini wakitafuta mshahara, wanawake ndio waliobeba mzigo. Wakulima walichagua pia aina ya tuta: waliipenda fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. Hivi leo jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani. Sijui maneno mengi ya lugha yetu yaliyoingia katika sayansi kwa mlango wa jembe.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya hii ya zamani, Makueni ikiwa ndani yake. Walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ukapungua. Tazama waandishi wenyewe: Mortimore mwanajiografia, Gichuki mhandisi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Tiffen mchunguzi wa historia na uchumi wa jamii. Wapo waliowapinga, wakisema ukaribu wa Nairobi ulisaidia mno na maskini waliachwa nyuma. Hoja hiyo ni nzito, lakini nayo haipimwi maabarani.

Si kwamba nchi haikuwa na watu wa kazi hii. Philip Mbithi, mwanasosholojia, alichunguza Harambee katika miaka ya 1970, na baadaye akawa mkuu wa utumishi wa umma. Sheria ya sayansi ya mwaka 2013 iliunda NACOSTI, na mimi nikitaka kurekodi Kikamba cha Mbooni sharti niombe leseni huko. Basi serikali inajua tulipo.

Ninachodai ni kiti mezani siku swali linapotungwa, kabla fedha hazijagawanywa. Tangu mwaka 2013 kilimo kimo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo pa kuanzia ni hapa hapa Machakos: kabla ya mchoro wa bwawa kupitishwa, pawepo mtu wa kuuliza ni nani atakayechimba, na maji yakipatikana yatakuwa ya nani.