Buddha wa mbao aliyenunuliwa kwa dola milioni 14

Machi 18, 2008, mnada wa Christie's mjini New York uliuza sanamu ya mbao yenye kimo cha sentimita 66 kwa zaidi ya dola milioni 14. Wenye mnada walitarajia milioni mbili kwa wingi. Ni sanamu ya Dainichi, Buddha mkuu wa madhehebu ya Shingon ya Japani, na wataalamu wanaamini aliichonga Unkei, fundi aliyefariki mwaka 1223.

Wengi wetu huku ughaibuni tumezoea kuona Buddha kwenye migahawa na maduka ya mapambo, tukadhani ni pambo tu. Kumbe mikono yake husema. Akiinua mkono wa kulia na kuonyesha kiganja, maana yake usiogope. Akigusa ardhi kwa vidole, anaiita iwe shahidi wa kuzinduka kwake. Dainichi yeye amekifumbata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ndani ya ngumi ya mkono wa kulia, ishara ya hekima.

Lakini mazito yamo ndani. Mafundi wa Japani waliunganisha vipande vya mti wa hinoki, wakavikomba ili visipasuke, na katika uwazi ule wakaweka vitu vitakatifu. Picha za eksirei zilionyesha kwamba ndani ya Dainichi huyu mna kibao na tufe la bilauri. Halafu hufanywa ibada ya kuifungua sanamu macho. Kabla ya hapo ni mti tu.

Ndiyo maana Wajapani walishtuka. Sanamu ilikuwa mali ya mtu binafsi, haijasajiliwa kuwa urithi wa taifa, na sheria haikuweza kuizuia isitoke nchini. Ikaokolewa na fedha: kampuni ya Mitsukoshi iliinunua kwa niaba ya Shinnyo-en, jumuiya ya Kibudha ya huko huko Japani. Mwaka 2009 serikali ikaiorodhesha.

Sisi wa Pwani hofu hiyo tunaijua. Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa Gohu vigango, na vigango hivyo huibwa na kuuzwa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwenye boma moja vilikutwa katika makumbusho mawili ya Marekani, vikarudishwa Kenya mwaka 2007. Wenyewe hawakuwa na dola milioni 14. Walikuwa na picha iliyopigwa kabla ya wizi.