Nyumba Yenye Mwenyewe

Nilipokuwa nikifundisha Sangailu, niliwaagiza wanafunzi wa darasa la tano wachore nyumba. Wote, pasipo kusalia hata mmoja, walichora sanduku lenye paa la mabati. Ilhali wengi wao walikuwa wamelala ndani ya aqal usiku uliotangulia. Nilipomwuliza msichana mmoja kwa nini hakuchora kwao, alinijibu, "Mwalimu, si umesema nyumba?"

Jibu hilo lingali linanikera. Aqal, ambayo Garissa wengine huiita herio, si kibanda cha kujisitiri tu. Fito hupindwa na kufungwa kwa kamba hata zikafanya kuba, kisha hutandikwa mikeka juu yake. Magome ya ndani ya migunga huambuliwa, yakatafunwa mpaka yalainike, ndipo yafumwe. Mkeka mzito uitwao kebed huachiwa nyuzi nyingi upande wa nje, mfano wa manyoya, maji ya mvua yapate kutiririka. Wakati wa kuhama, nyumba hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia: mikeka humkinga mgongo, na zile fito zilizopindika humzunguka nundu. Naam, nyumba yenyewe hugeuka tandiko!

Wayakuti wa Siberia nao walikuwa na makao yao ya kiangazi, urasa, yaliyovikwa magome ya miti yaliyoshonwa kwa ustadi. Na nyumba zao za baridi walizikandika udongo na samadi ya ng'ombe. Sidhani kuna amwitaye fundi wa kazi ile mtu asiye na nyumba.

Lakini liko jambo zito zaidi ya ustadi. Aqal ni mali ya mwanamke. Mama na jamaa zake wa kike humfumia bibi arusi mikeka, naye ndiye aijengaye nyumba na kuibomoa. Nyumba ya matofali aghalabu huandikwa jina la mume. Je, tulipoyasifu mabati darasani, tulipata kuwaeleza wasichana wanachopoteza?

Juma lililofuata nilimwalika bibi yake yule msichana. Alikuja na kipande cha mkeka, akaketi sakafuni, akakataa kiti nilichompa. Kabla ya kusema lolote aliwauliza wasichana ni nani ajuaye kusokota uzi. Mikono miwili tu iliinuka, na mmoja ulikuwa wa mjukuu wake.